Damu ya Ng'ombe na Damu Yetu



Kuna swali tunaloulizwa mara kwa mara wodini, na baadhi ya watu hulicheka ingawa si la kuchekesha. Mgonjwa amepungukiwa damu, ndugu waliopimwa hawafai kumtolea, na nyumbani zizini wamesimama ng'ombe watano wenye afya nzuri. Mzee wa familia huuliza: "Kwani damu ya ng'ombe si nyekundu kama yetu? Kwa nini isimsaidie mtoto?" Safari hii tumeona tulijibu swali hilo kwa kirefu. Jibu lake linatufundisha jambo kubwa kuhusu damu tuliyo nayo sisi wenyewe, na linaweza kumfaa mzazi ambaye hana hata mbuzi mmoja.

Tuanze na yale yanayofanana. Damu ya mtu na damu ya ng'ombe zote zina chembe nyekundu, na ndani ya kila chembe mmejaa protini iitwayo himoglobini. Hiyo ndiyo inayoipa damu wekundu wake. Himoglobini moja imeundwa kwa minyororo minne iliyokunjamana pamoja, miwili ya aina ya alfa na miwili ya aina ya beta. Kila mnyororo umeshikilia chembe moja ya madini ya chuma, na kila chuma hubeba oksijeni moja. Kwa hiyo himoglobini moja ni kama gari dogo lenye viti vinne. Ndivyo ilivyo kwa mtu, kwa ng'ombe, kwa mbuzi, na hata kwa kuku.

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya damu ni kuishika oksijeni. Kushika ni nusu tu ya kazi. Mchukuzi wa magunia sokoni akijua kujitwika lakini asijue kutua, mwenye mzigo atalipa nauli ya bure. Damu nayo hupokea oksijeni kwenye mapafu, kisha ni lazima ikaitue kwenye misuli, kwenye ubongo, kwenye figo, na kwa mama mjamzito kwenye kondo la nyuma. Ikishika kwa ulegevu mno, haitapakia vya kutosha mapafuni. Ikishika kwa nguvu mno, itazunguka mwili mzima na kurudi mapafuni na mzigo wake ule ule, huku viungo vikilia njaa ya hewa.

Nguvu hii ya kushika hupimwa. Kama tunavyopima msukumo wa damu kwa milimita za zebaki, ndivyo wataalamu wanavyopima msukumo wa oksijeni. Kwenye mapafu ni kama 100. Katika damu inayorudi kutoka viungoni, mtu akiwa ametulia, ni kama 40, na hapo himoglobini huwa imetua karibu robo ya mzigo wake. Ukiendelea kuupunguza msukumo hadi himoglobini ibakiwe na nusu tu ya mzigo, kwa mtu mzima utakuwa umefika kama 26 au 27. Damu ya ng'ombe mzima ikipimwa vivyo hivyo, jibu linakuwa karibu na hapo hapo. Ajabu ni kwamba mtu na ng'ombe wamefika mahali pamoja kwa njia mbili tofauti kabisa.

Kabari ndani ya himoglobini

Himoglobini ya binadamu ina tabia ya uchoyo. Ukiitoa ndani ya chembe, ukaiosha vizuri ikabaki yenyewe, inaing'ang'ania oksijeni kuliko mwili unavyohitaji. Kinachoilegeza ni kitu kidogo sana ambacho chembe nyekundu hukitengeneza yenyewe wakati inapovunja sukari ili kupata nguvu. Jina lake ni refu, difosfogliserati, na wataalamu hulifupisha kuwa DPG. Ni mojawapo ya vitu viitwavyo fosfati ogania, yaani fosfati iliyofungamana na kaboni.

Hapa tuweke tahadhari, maana wafugaji wanalijua jina linalokaribiana na hili. Baadhi ya dawa za kuogeshea mifugo kwenye josho na za kunyunyizia mazao huitwa oganofosfati. Hizo ni sumu ya mishipa ya fahamu, na kila mwaka huua watu wanaozihifadhi kwenye chupa za soda. Hazina uhusiano na kazi ya DPG tunayoieleza hapa. Tusichanganye.

DPG hufanyaje kazi? Katikati ya himoglobini, baina ya ile minyororo miwili ya beta, mna uwazi. Himoglobini inapokuwa imetua oksijeni, uwazi huo hupanuka, na DPG huingia humo kama kabari mlangoni. DPG ina chaji hasi nyingi, na kuta za uwazi ule zina chaji chanya, kwa hiyo vinavutana na kushikamana. Kabari ikishaingia, himoglobini inabaki katika umbo lake la kutua na haipokei oksijeni nyingine kwa wepesi. Ikifika mapafuni, oksijeni ni nyingi mno. Himoglobini inajikunja upya, uwazi unabana, kabari inasukumwa nje. Himoglobini moja hupokea kabari moja tu. Na katika chembe zetu nyekundu, idadi ya DPG inakaribia kulingana na idadi ya himoglobini, kana kwamba kila gari limepewa kabari yake.

Kitu hiki kiligunduliwa mwaka 1925 katika damu ya nguruwe, lakini kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyejua kazi yake. Mwaka 1967 ndipo Reinhold Benesch na mkewe Ruth Benesch, wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, walipoonyesha kuwa DPG huifanya himoglobini iachie oksijeni. Mwaka huo huo Alfred Chanutin na Richard Curnish, nao wa Marekani, walifikia jambo hilo hilo kwa njia yao.

Ng'ombe hahitaji kabari

Baada ya hapo wataalamu walianza kupima wanyama wengine. Mwaka 1971 daktari Franklin Bunn alichapisha ulinganisho wa himoglobini za wanyama mbalimbali, na wanyama hao waligawanyika katika makundi mawili. Mtu, farasi, mbwa, sungura na nguruwe wana DPG nyingi katika chembe zao, na himoglobini yao huitegemea. Ng'ombe, kondoo, mbuzi, na paka pia, wana DPG kidogo sana wanapokuwa wazima, na himoglobini yao haijali sana kama DPG ipo au haipo.

Sababu yake imo katika muundo wenyewe. Mnyororo wa beta wa binadamu una pingili 146. Pingili mbili za mwanzo, valini na histidini, ni sehemu ya kuta zile zinazoivuta kabari. Kwa ng'ombe, mahali pa pingili hizo mbili pana pingili moja tu, methionini, na mnyororo wote una pingili 145. Tofauti ya pingili moja! Lakini mwanzo wa mnyororo umebadilika, kabari haipati pa kushika vizuri, na himoglobini yenyewe imeegemea zaidi kwenye lile umbo la kutua tangu ilipoumbwa. Haihitaji kulegezwa kwa kuwa si choyo.

Je, basi himoglobini ya ng'ombe haiongozwi na kitu chochote? Inaongozwa, tena na kitu tunachokijua sote jikoni. Chumvi ya mezani ina sehemu mbili, sodiamu na kloridi. Kloridi iliyomo katika damu huishika himoglobini ya ng'ombe vizuri zaidi kuliko inavyoishika yetu, na huisaidia kutua mzigo. Wataalamu wakiweka DPG juu ya himoglobini ya ng'ombe katika maji yasiyo na chumvi nyingi, huona badiliko kiasi. Wakiongeza kloridi, badiliko hilo linafifia. Asidi na hewa ya kaboni zinazotoka kwenye misuli inayofanya kazi nazo hulegeza mshiko, na hilo ni sawa kwa ng'ombe na kwa mtu.

Kuku, kwa wale wanaopenda kujua zaidi, ametumia njia ya tatu. Yeye naye ana kabari ya fosfati, lakini ni ya namna nyingine iitwayo inositoli pentafosfati, na inashika kwa nguvu kuliko DPG.

Mama na mtoto aliye tumboni

Jambo linalotupendeza zaidi sisi tunaofanya kazi ya uzazi ni hili. Mtoto tumboni havuti hewa. Oksijeni yake yote anaipokea kutoka kwa damu ya mama kupitia kondo la nyuma, kwa hiyo damu yake lazima ishike kwa nguvu kuliko ya mama, la sivyo hatapata kitu. Kwa binadamu, mtoto tumboni ana himoglobini ya namna yake ambayo haiipokei kabari vizuri. DPG ipo, lakini pingili moja ya histidini katika ukuta wa ule uwazi imebadilishwa na serini. Kabari inalegea, na himoglobini ya mtoto inashika oksijeni ambayo ya mama inaitua.

Ndama naye anahitaji kumpokonya mama yake oksijeni, lakini hawezi kutumia mbinu hiyo, kwa kuwa himoglobini ya mama yake haitegemei kabari tangu mwanzo. Kwake yeye, himoglobini ya tumboni imeumbwa ikiwa na mshiko mkali yenyewe. Baada ya kuzaliwa mshiko huo ungeweza kuwa kikwazo, maana sasa anavuta hewa na kukimbia. Katika siku na wiki za mwanzo chembe nyekundu za ndama huwa na DPG nyingi kuliko za ng'ombe mzima, na mshiko wa damu yake hulegea. Kisha, katika miezi miwili mitatu ya kwanza, himoglobini ya tumboni hupotea, ya kikubwa huchukua nafasi, na DPG hushuka hadi kiwango kile kidogo cha mama yake.

Kwa nini tusiitie damu hiyo mwilini

Sasa tulirudie swali la mzee. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Mwaka 1667 huko Paris, daktari Jean-Baptiste Denis aliwatia watu damu ya mwanakondoo, na baadaye akamtia mtu mmoja damu ya ndama. Mtu huyo aliugua, na mapema mwaka 1668 akafariki. Kulikuwa na kesi mahakamani, ikasemekana alipewa sumu nyumbani kwake, lakini utiaji damu ulipigwa marufuku nchini Ufaransa. Leo tunajua sababu ya hatari. Ganda la chembe nyekundu ya ng'ombe lina alama za kigeni ambazo mwili wetu unazitambua mara moja na kuzishambulia. Chembe hupasuka, figo huziba, na mgonjwa anaweza kufa. Kwa hiyo jibu ni hapana, wala hakuna kundi la damu la ng'ombe linalolingana na letu.

Lakini wako wataalamu waliofikiri hivi: kama taabu iko kwenye ganda, tuliondoe ganda tubaki na himoglobini peke yake. Hapo ndipo kabari ilipokuja kuwa na maana kubwa. Himoglobini ya binadamu ikitolewa ndani ya chembe inaiacha DPG nyuma. Inarudia uchoyo wake, inabeba oksijeni isiitue. Himoglobini ya ng'ombe haina taabu hiyo, kwa sababu kloridi inayoihitaji imejaa tele katika maji ya damu yetu. Ndiyo maana kampuni ya Marekani iitwayo Biopure ilichagua damu ya ng'ombe, ikaisafisha himoglobini yake na kuiunganisha vipande vipande ili isichujwe upesi na figo. Dawa hiyo, Hemopure, iliidhinishwa Afrika Kusini mwaka 2001 kwa watu wazima waliopungukiwa damu wakati wa upasuaji. Haihitaji kulinganishwa makundi, na ilitengenezwa ili iweze kukaa bila friji hadi miaka mitatu.

Kama ingekuwa salama kabisa, sisi wa hospitali za mbali tungekuwa wa kwanza kuiomba. Lakini himoglobini ikiwa nje ya chembe hunyonya gesi inayolegeza mishipa ya damu, mishipa inabana na msukumo wa damu unapanda. Mwaka 2008 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya majaribio ya dawa kadhaa za namna hii, na ukaonyesha kwamba wagonjwa waliopewa walipata shambulio la moyo na vifo zaidi kuliko wale waliotibiwa bila dawa hizo. Marekani haikuikubali kwa matumizi ya kawaida ya binadamu. Basi, kwa maoni yetu, chupa ya damu iliyotolewa na jirani yako bado haina mbadala.

Na kunywa damu? Katika jamii za wafugaji ni chakula cha tangu zamani, na madini ya chuma yaliyomo humo mwili huyapokea vizuri. Lakini tumboni himoglobini husagwa kama nyama. Haiendi mishipani ikiwa nzima, na haiwezi kumwokoa mtoto anayehema. Ikinywewa mbichi inaweza kuleta kimeta, ugonjwa wa kutupa mimba, au homa ya Bonde la Ufa.

Damu ya friji

Kuna ndugu wanaokataa damu iliyotoka kwenye friji wakisema "imekufa", wanataka itolewe mbele ya macho yao. Wanayo chembe ya ukweli. DPG hupungua katika damu iliyohifadhiwa, na baada ya wiki mbili hivi karibu yote huwa imekwisha. Damu hiyo, ikipimwa ndani ya mfuko, inashika oksijeni kwa nguvu kuliko kawaida. Lakini chembe ni hai. Zikiingia katika mwili wa mgonjwa zinapata sukari na kuanza kutengeneza DPG upya. Katika saa chache sehemu kubwa inarudi, na katika siku mbili tatu imetimia.

Swali hili lilipimwa karibu na kwetu. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watoto 290 wenye upungufu mkubwa sana wa damu waligawanywa makundi mawili. Wengine walipewa damu iliyokaa siku 1 hadi 10, wengine iliyokaa siku 25 hadi 35. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: asidi iliyotokana na kukosa oksijeni ilishuka katika makundi yote mawili kwa namna inayolingana. Kwa hiyo mzazi akiambiwa kuwa damu iliyopo ni ya wiki tatu, asimzuie mtoto kuipokea akingoja mjomba afike na basi la jioni.

Kabari inayoficha ugonjwa

Tumeliacha mwisho jambo linalotugusa zaidi kila siku. Mtu akipungukiwa damu polepole, kwa minyoo ya safura, kwa malaria ya mara kwa mara au kwa lishe duni, chembe zake nyekundu huongeza DPG. Magari yamepungua, lakini kila gari linatua mzigo mkubwa zaidi. Watu wanaopanda milima mirefu huongeza DPG vivyo hivyo. Ni msaada mkubwa, na pia unadanganya. Mtoto mwenye himoglobini ya gramu 5, wakati chini ya 7 tayari ni upungufu mkubwa, anaweza kuonekana akitembea, akila kidogo, akicheza kivulini. Mama anasema, "Anachoka tu." Kisha inakuja homa moja au kikohozi kimoja, mwili unahitaji oksijeni zaidi, na hakuna akiba iliyobaki ya kulegeza. Ndani ya saa chache anahema kwa shida. Wazazi wanatuambia ameugua jana, kumbe damu imekuwa ikipungua kwa miezi.

Ng'ombe mzima hana akiba hii ya DPG ya kutegemea. Akipata ndigana baridi au mkojo mwekundu na chembe zake zikapasuka, hutegemea zaidi moyo kupiga mbio na mapafu kuhema, na mfugaji huona mapema kuwa mnyama anabaki nyuma ya kundi. Mfugaji mzuri hangoji hata hapo. Hufunua kope la chini la ng'ombe na kutazama wekundu wake.

Mtoto naye atazamwe hivyo hivyo. Funua kope lake la chini mchana penye mwanga, kisha linganisha kiganja chake na chako au cha mtoto mwingine mwenye afya. Ukiona weupe, mlete siku hiyo hiyo hata kama anacheza, na usimpe dawa za duka kwanza. Kipimo cha himoglobini ni tone moja la damu ya kidole, na majibu mnayapata mkiwa bado mmekaa kwenye benchi.